Simu ya Upepo Ina Mwenyewe

Neno simu asili yake ni Kiajemi. Sim kwa Kiajemi ni waya, na pia ni madini ya fedha. Kwa hiyo tukifuata asili ya neno, mtu akisema "nipigie simu" anazungumzia waya. Baadaye ikaja mashine inayosafirisha sauti bila waya wowote, na watu wakaiita simu ya upepo. Waya wa upepo. Wengi wetu tumelikuta jina hilo kwenye vituo vya polisi, kwenye hospitali za misheni na kwenye ofisi za serikali zilizo mbali na barabara: mtu ameshika kidude mkononi, anabonyeza, anaongea, anaachia, anasikiliza.

Nimelianza hili na neno kwa sababu siku hizi tunaambiwa sana habari za kesho. Kesho kila kitu kitakuwa mtandaoni, bila waya, mahali popote: friji, mita ya maji, gari, kitanda cha hospitali, hata ng'ombe malishoni. Ndoto hiyo nayo ina umri. Septemba 1991, Mark Weiser wa maabara ya Xerox PARC kule California aliandika katika jarida la Scientific American kuhusu kompyuta ya karne ya 21. Alisema kompyuta zitasambaa kila mahali, ndogo, nyingi, zimeunganishwa bila waya, mpaka tutaacha kuziona. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa alama ya teknolojia iliyokomaa, kwamba inapotea machoni na mtu anaitumia bila kuifikiria.

Mimi naishi Utemini, kata ya Manispaa ya Singida, na nataka kuisoma ndoto hiyo kutokea hapa. Hapa upepo si sitiari. Upepo wa Singida unajulikana nchi nzima, na mipango ya kuzalisha umeme wa upepo mkoani imezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Tena ndani ya jina la kata yetu kuna neno utemi, ingawa mamlaka ya kiserikali ya watemi na machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963. Jina limebaki, madaraka yamehamia kwingine. Ndiyo maana swali langu kwa teknolojia yoyote ya hewani ni la kizamani kidogo: huu upepo mtemi wake nani? Na mtu wa kawaida akitaka kumjibu, anapitia wapi?

Tuanze na minara.

Kabla ya upepo kulikuwa na waya wa baharini. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern Telegraph iliunganisha Zanzibar na Aden kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na habari zilizokuwa zikisafiri kwa wiki nyingi kwenda Ulaya zikaanza kufika kwa muda mfupi sana. Kisha Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika, wakasimamisha vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Havikujengwa ili mkulima wa Singida apate habari za bei ya mtama. Vilijengwa ili serikali izungumze na serikali, na jeshi lizungumze na meli.

Ushahidi ni kilichotokea vita ilipoanza. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Uingereza kuingia vitani, meli ya kivita ya Kiingereza HMS Astraea iliipiga mizinga Dar es Salaam, na shabaha kubwa ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Juni mwaka uliofuata, Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba. Mnara wa mawasiliano ulikuwa moja ya sababu kuu za safari hiyo, nao wakauangusha. Mawimbi hayashikiki, lakini yanatoka mahali fulani, na mahali hapo pana mwenyewe na pana adui. Hilo ndilo somo la kwanza la simu ya upepo katika nchi hii, na lilifundishwa kwa mizinga.

Sasa redio. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1956 likaja shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua, ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa kizazi cha wazazi wangu, simu ya upepo ilikuwa ni hiyo: redio ya mbao au ya plastiki, National au Philips, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo za kusikiliza taarifa ya habari.

Kwa maumbile yake redio ile ilikuwa ya upande mmoja. Mnara uko Dar es Salaam, maikrofoni iko Dar es Salaam, wewe una masikio tu. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, nchi nzima ilisikia. Hakuna aliyeweza kuinua mkono akauliza swali.

Lakini watu hawakukubali kubaki masikio. Angalia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuishia kurusha vipindi hewani. Iliandaa vitabu vidogo, ikafundisha viongozi wa vikundi, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi 75,000 hivi kwa wiki 12. Kikundi kinasikiliza pamoja, redio inazimwa, mjadala unaanza: sisi hapa malaria inatupata kwa sababu gani? Choo tuchimbe wapi? Nani atafyeka nyasi? Sauti ilitoka Dar es Salaam, ila uamuzi ulifanyika chini ya mwembe wa pale pale kijijini.

Halafu kulikuwa na salamu. Aliyekua na RTD anazikumbuka kadi za salamu: unanunua kadi dukani, unaandika majina ya unaowasalimu, unaituma kwa posta, halafu unakaa karibu na redio siku nyingi ukisubiri mtangazaji alitaje jina lako. Na kulikuwa na matangazo ya vifo. Mtu amefariki Singida, mwanawe yuko mashambani Morogoro, anwani haijulikani vizuri. Ndugu wanapeleka tangazo, linasomwa hewani, na jirani aliyesikia anatoka mbio kwenda kumwambia mhusika. Chombo cha dola kilichojengwa kuzungumza na wote kwa mpigo kiligeuzwa na watu kuwa barua ya mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Mnara haukubadilika. Watu ndio waliobuni njia ya kurudi.

Hapo ndipo ninapoiona historia yetu ya mawasiliano ya hewani. Mitambo huja na mwelekeo wake, kutoka juu kwenda chini, na sisi huku chini tunatoboa tundu la kujibia.

Hata simu ya mkononi ilipita njia hiyo. Na tusisahau ilifika nchi gani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vya aina hiyo bila kibali maalumu, baada ya kuungua na mradi wa kompyuta Hazina. Kichekesho ni kwamba mwaka huo huo Zanzibar ilianzisha televisheni, tena ya rangi, wakati Bara tulisubiri mpaka miaka ya 1990. Kisha mambo yakafunguka kwa kasi. Mobitel ikaanza mwaka 1994, Vodacom 2000, Celtel 2001. Kitochi kikaingia kila nyumba.

Bei ya kupiga ilikuwa mlima, basi tukabuni kubipu. Hakuna injinia aliyekaa ofisini akapanga kwamba simu ikiita mara moja na kukatwa maana yake "nimefika", na mara mbili ni "nipigie wewe, mimi sina salio". Lugha nzima ilitungwa ndani ya kitu ambacho kampuni hailipwi hata senti. Vocha nazo zikawa pesa: Uganda na kwingineko watu walikuwa wakitumiana muda wa maongezi na kuugeuza fedha taslimu kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007 na kuvuka kuja kwetu 2008. Makampuni yalikuta njia imeshakanyagwa na miguu ya watu, yakaja kuiwekea lami na tozo.

Sasa tufike kwenye vitu vyenyewe, maana kuhusu vitu vilivyounganishwa tunazungumza kama vile bado viko njiani. Si kweli. Hapa Singida mjini vimeshafika zamani, ila havina sura ya zile picha za nyumba janja.

Kipo kwenye kaunta ya duka: mashine ya EFD. Tangu mwaka 2010 mfanyabiashara aliyesajiliwa anapotoa risiti, mashine inapeleka taarifa TRA kwa kupitia mtandao wa simu. Kipo kwenye basi. Singida ni njia ya kwenda Mwanza na Kanda ya Ziwa, na ukipanda basi la masafa marefu utasikia kidude kinalia karibu na dereva akizidisha mwendo. Hicho ni kifaa cha mfumo wa VTS unaosimamiwa na LATRA, na wakati kinakupigia kelele wewe abiria, taarifa za mwendo zinakwenda kwenye kompyuta ambayo dereva hajawahi kuiona. Kipo vijijini: boksi la umeme wa jua wa kukopa, ambalo ndani yake mara nyingi kuna laini ya simu. Unalipa kidogo kidogo kwa simu, boksi linapokea ujumbe, taa inawaka. Usipolipa, boksi linajifunga lenyewe. Jua linawaka bure juu ya paa, betri imejaa, taa hazitoki.

Vifaa hivi si vibaya, na mimi si mtu wa kuchukia mashine. Umeme wa kukopa umewaondoa watu wengi kwenye koroboi. Basi lenye VTS limeshaokoa roho za watu. Hata kodi, jamani, shule na dawa zitatoka wapi? Lakini viweke vyote mezani pamoja uvitazame. Vyote vinaongea. Hakuna hata kimoja kinachoongea na wewe unayeishi nacho. Vinaongea juu yako, na mtu mwingine.

Mama yangu mdogo anaishi upande wa Ilongero. Aliwekewa boksi la namna hiyo na kampuni moja. Akawa mlipaji mzuri, hakosi. Mwezi mmoja akalipa kama kawaida, pesa ikakatwa kwenye simu, ujumbe wa kuthibitisha ukaja. Lakini mnara wa kwao ulikuwa hausomi vizuri siku hizo, boksi halikupata habari kwamba limelipwa. Siku zilipotimia likajifunga. Akakaa giza usiku wa kwanza, akakaa wa pili. Akanipigia.

"Mwanangu, shikamoo yangu utaniamkia baadaye. Hawa watu hela yangu wameiona, sasa mimi mbona hawanioni?"

Nilipiga namba ya huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki mpaka salio likaisha. Siku ya tatu mtandao ukatulia na taa zikawaka zenyewe, bila mtu kugusa kitu wala kuomba radhi. Mama mdogo hakufurahi. Alisema afadhali koroboi, ikizimika unajua mafuta yameisha.

Nimelifikiria sana neno hilo. Weiser alitamani mashine ipotee machoni. Kwa mama mdogo ilipotea kweli, kiasi kwamba ilipoharibika hakuwa na mahali pa kuishika. Koroboi inaeleza shida yake waziwazi. Redio ya mbao ikikoroma unazungusha kitufe. Boksi lile lilikaa kimya, na aliyejua sababu ya ukimya wake alikuwa mbali, nyuma ya mnara.

Sasa linganisha na mita ya LUKU, ambayo wengi tunaidharau kwa sababu haina hata mtandao. LUKU ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na ile mita ya kawaida ukutani haiongei na mtu. Unanunua umeme kwa simu, unaletewa tarakimu 20, unakwenda kuzibonyeza mwenyewe. Yaani kati ya simu na mita waya ni wewe, binadamu mwenye vidole. Ukikosea tarakimu moja unarudia. Inachosha, ndiyo. Lakini hakuna kinachoingia kwenye mita ile bila kupita mkononi mwako.

Mwaka 2024 mita hizo zilitupa darasa la historia bila wengi kugundua. Ukinunua umeme ulikuwa unaletewa mafungu matatu ya namba badala ya moja, na unaambiwa uanze na mawili ya kwanza. Watu wakalalamika, wengine wakahisi utapeli. Sababu ilikuwa hii: mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita za aina hiyo unahesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Dakika zaidi ya milioni 16, na hapo mita isiyorekebishwa ingekataa tokeni mpya. Uamuzi uliofanywa na wataalamu wachache miongo mitatu nyuma ukafika Utemini ukiwa umebeba tarakimu 40 za ziada. Na aliyeurekebisha ni nani? Ni mama wa nyumbani, mwanafunzi, muuza genge, kila mmoja amesimama mbele ya mita yake na simu mkononi. Majirani wenye macho mazuri waliwasomea wazee. Fundi hakuhitajika kila mlango.

Sasa TANESCO wameshaanza kuleta mita janja, ambazo umeme ukinunuliwa unaingia wenyewe. Nitafurahi siku nisipobonyeza tarakimu 20 gizani huku nimeng'ata tochi. Ila najua pia nitakachokuwa nimekabidhi siku hiyo. Nitakuwa nimetoka kwenye waya.

Na waya wenyewe bado upo. Neno "bila waya" linatudanganya wote. Mnara unaouona ukitoka mjini hauishii angani. Kuna mkongo wa taifa unaoshuka hadi pwani, na pwani kuna nyaya za baharini. SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, miaka 130 baada ya ule waya wa Zanzibar na Aden, EASSy ikafuata mwaka 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu baharini, na Tanzania nzima mtandao ukayumba. Hapa kwetu, mamia ya kilomita kutoka kwenye maji ya chumvi, watu walikuwa wanazima na kuwasha simu wakidhani bando limekata.

Hiyo ilikuwa ajali. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Kila mmoja ana maoni yake juu ya siku zile na mimi nina yangu. Hapa nasema jambo moja tu la kihistoria: mwaka 1914 ilihitajika mizinga kuunyamazisha upepo. Siku hizi unazimwa bila hata mlio. Na kadiri tunavyohamishia vitu kwenye upepo huo, ndivyo kinachozimika kinavyoongezeka. Zamani ungekosa habari. Kesho inaweza kuwa taa, maji na mlango.

Kuhusu kufikiwa, mimi sina wasiwasi mkubwa. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713 zilizokuwa na mawasiliano hafifu. Kenya wanapata Starlink kutoka angani tangu Julai 2023. Ishara itafika hata mlimani. Tunapouliza tu "mtandao umefika?" tunauliza swali ambalo limeshapata jibu.

Swali lililobaki ni la njia ya kurudi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa ajili ya nini. Ni mlango mzuri. Lakini mama mdogo hatasafiri hadi ofisi za tume kuulizia boksi la taa. Anachohitaji ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: boksi limwambie kwa Kiswahili kwamba limejifunga kwa sababu halijapata mtandao. Limpe siku chache za imani, kama muuza duka anavyomkopesha mteja anayemjua. Liwe na kitufe cha kusema "nimelipa, angalieni". Kitu kinachoweza kumripoti mtu kinaweza pia kupokea malalamiko yake. Laini ya simu iliyomo ndani inapita pande zote mbili, ni sisi hatujaidai upande wetu.

Kwa EFD tulidai. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 wafanyabiashara katika miji kadhaa walifunga maduka kupinga bei ya mashine na masharti yake. Ukubaliane nao au usikubaliane, waliweza kugomba kwa sababu mashine ilikuwa juu ya kaunta wanaiona, wanajua inapeleka nini na kwa nani. Ndiyo maana sina haraka na vile vitu vinavyosifiwa kwa kutoonekana. Wazazi wetu waliipata sauti moja kutoka Dar es Salaam wakaibana mpaka ikasoma majina yao. Sisi wa vitochi tulibipu. Watoto wanaokua sasa hapa Utemini watazungukwa na vitu vinavyonong'ona usiku kucha kupitia kuta zao, na sijaona bado tunawafundisha kubipu kwao kutakuwa kupi.